Usifunike Kidonda cha Ukuta



Baada ya masika, mimi na akina mama wenzangu wa kanisani tulimtembelea dada mmoja hapa Ilala, karibu na bonde la Msimbazi. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa akikohoa usiku kwa majuma kadhaa. Kabla hatujaketi, mwenyeji wetu akaanza kutuomba radhi kwa ajili ya ukuta. Kabla ya Krismasi alipaka rangi ya mafuta kwa fedha zake za upatu, na sasa rangi ile ilikuwa imefanya malengelenge na kubanduka. "Fundi amenidhulumu," alisema. Mimi nilikuwa natazama kitanda cha mtoto. Kilibanana na ukuta ule ule, na nyuma ya godoro palikuwa na ukungu mweusi.

Akina mama, mara nyingi kosa si la rangi. Tofali la saruji lina vitundu vidogo, na maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta ya taa yapandavyo kwenye utambi. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji hayo hubeba chumvi. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi hubaki, hugeuka chembe ngumu na kusukuma rangi na lipu. Ule unga mweupe unaoufuta kila asubuhi ndio chumvi yenyewe. Rangi ya mafuta huzidisha taabu, kwa sababu inaziba ukuta na maji hukosa pa kutokea. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Nasi wauguzi tunajua kwamba kidonda chenye usaha hakifungwi bendeji kikaachwa. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoeleza kuwa unyevu na ukungu ndani ya nyumba huandamana na kikohozi, kubanwa kifua na pumu. Hata hivyo, tusiusingizie ukuta kila kitu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe hospitali, pamoja na kifua kikuu.

Nyumbani fanya hivi:

1. Tafuta maji yanakotoka. Je, ni bomba la bafuni, maji ya paani yanayodondokea msingi, au udongo uliorundikwa ukutani kwa nje?

2. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe pande zote nne kwa selotepu, ukiache siku mbili. Umande ukiwa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa chumbani. Fungua madirisha, wala usianike nguo ndani.

3. Osha ukungu kwa maji na sabuni, ukiwa umefunika pua na mdomo, watoto wakiwa nje. Usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, maana huenda ina madini ya risasi, ilowanishe kwanza.

4. Acha ukuta ukauke kabisa. Lipu mpya huhitaji kama mwezi mmoja kabla ya rangi.

5. Sogeza kitanda mbali na ukuta.

Someni Walawi sura ya 14. Kuhani hakuagiza nyumba yenye pigo ipakwe rangi. Aliifunga siku saba, akarudi kuitazama, ndipo mawe yenye pigo yakatolewa, kuta zikakwanguliwa na kupakwa udongo mwingine. Kwanza ugonjwa, kisha uzuri.

Dada yule amempeleka mtoto kliniki na kuhamisha kitanda. Baba watoto amekuta bomba la bafuni likivuja ndani ya ukuta, ameliziba. Ukuta sasa wanauacha ukauke. Huenda Krismasi ijayo wageni wakaukuta hauna rangi. Akina mama, tukiingia nyumba kama hiyo tusicheke. Tumsifu mwenye nyumba.

Hadi mwezi ujao, Mungu azibariki nyumba zenu.