Akili Mnemba Haisomi Kilichomo Kichwani Mwako

Katika mkutano wa wahandisi wa programu hapa Dar es Salaam, kijana mmoja alisimama akasema kwamba kuandika maelezo marefu ya zana ni kuidharau akili mnemba. "Modeli za sasa zina akili," alisema. "Ipe jina la zana tu, mengine itajijazia." Ukumbi ukampigia makofi. Makofi hayo yaliniudhi kuliko maneno yenyewe, maana yalionyesha kuwa imani hii imekwishakuwa ya wengi.

Ni imani ya uvivu. Wakala wa akili mnemba anayeunganishwa na mifumo ya ufuatiliaji, iwe Prometheus, Grafana au Datadog, haoni msimbo ulioandikwa nyuma ya zana. Katika itifaki ya MCP ya kuunganisha wakala na zana, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, analetewa jina la zana, maelezo yake na orodha ya vigezo. Uliyoyajua wewe wakati unaitengeneza na hukuyaandika, kwake hayapo.

Mpe sasa zana yenye maelezo haya: "Hupata vipimo vya seva." Muda wa kuanzia autaje kwa namna gani? Prometheus inapokea sekunde. Elasticsearch huhesabu kwa milisekunde. Loki, inayotunza kumbukumbu za matukio, ina mazoea ya nanosekunde. Na mhandisi wa hapa akimwambia "angalia tangu saa tatu usiku", anakusudia 21:00 ya Afrika Mashariki, ambayo kwa UTC ni 18:00. Zana isiyosema inasoma saa za wapi itampa data iliyopishana kwa saa tatu, naye ataichambua kwa ufasaha mkubwa. Akili haina kosa hapo. Hakuna akili inayoweza kujua jambo ambalo halikuandikwa popote.

Kuna kampuni moja ambako malipo ya wateja yalikwama usiku kucha. Mwenye zamu alimuuliza wakala, akajibiwa kwamba hakuna hitilafu. Wakala alikuwa amechuja kwa lebo "prod", kumbe data imewekewa "production". Prometheus ikiulizwa kitu ambacho hakipo haitoi kosa, inarudisha orodha tupu. Wakala akaona utupu, akadhani ni uzima. Sentensi moja katika maelezo ya zana ingetosha: matokeo yakiwa matupu, hakikisha kwanza kuwa kipimo na lebo hizo zipo, ndipo useme mfumo ni mzima. Kulipokucha kila mtu aliilaumu modeli. Aliyeandika zana ile hakuulizwa hata neno.

Wanadamu wenyewe, wenye akili zao, wamekwishaponzwa na jambo hilihili. Machi 28, 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania, vali ilikwama ikiwa wazi na maji ya kupoza yakawa yanavuja. Taa ya chumba cha uendeshaji ilizimika, waendeshaji wakaamini vali imefungwa. Taa ile ilionyesha tu kama amri ya kuifunga imetumwa. Vali yenyewe iko katika hali gani, haikuonyesha. Wale walikuwa watu waliofunzwa, na sehemu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Naambiwa pia kwamba maelezo marefu yanakula tokeni. Hivi kweli? Mtu anayemmwagia wakala maelfu ya mistari ya kumbukumbu ambayo hakuna aliyeichuja, ndiye huyo anayehesabia senti sentensi mbili za kueleza kipimo! Hoja hiyo haistahili hata kujibiwa.

Ugonjwa ni mkubwa kuliko akili mnemba. Tumelea kizazi cha mafundi wanaoona kuandika ni kazi ya watu wengine. Ndiyo maana huduma ikikatika tunatumiwa ujumbe wa "hitilafu za kiufundi" usiosema nini kimeharibika, wapi, wala hadi lini. Mwandishi wa ujumbe ule na mwandishi wa "Hupata vipimo vya seva" ni ndugu wa tumbo moja.

Hatari inazidi pale zana inapotenda badala ya kusoma tu. Katika mfumo wa tahadhari wa Alertmanager, kunyamazisha tahadhari huzuia arifa zisitoke, na tatizo linabaki palepale. Katika PagerDuty, mfumo wa kuwaita wenye zamu, kukiri kwamba umepokea tukio si sawa na kulifunga. Zana ikiandikwa "Hushughulikia tahadhari", wakala atachagua lolote kati ya hayo, na mwenye zamu ataendelea kulala huku seva zinaanguka.

Kabla ya kuikabidhi zana kwa wakala, mpe maelezo yake mwenzako ambaye hajawahi kuuona msimbo, umwambie atafute nayo hitilafu ya jana. Kila swali atakalokuuliza ni sentensi uliyoiacha. Iandike.