Sifa ya Siku ya Kwanza

Hapana kitu kiifurahishacho nyumba kama kijana aliyeanza vizuri. Akifaulu mara moja husifiwa. Akifaulu mara mbili hupewa jina kubwa. Akifaulu mara ya tatu watu huapa kwamba hajapata kuzaliwa mfano wake. Mwezi huu twataka kuwauliza wasomaji wetu, wazee kwa vijana: sifa ya namna hiyo hupimwaje? Twawezaje kujua kama itadumu, au itakauka kama umande wa asubuhi?

Tuanze na mchezo wa kriketi. Katika mechi ya Test, ambayo huchezwa baina ya mataifa na huweza kuchukua siku tano, mpigaji hupimwa kwa wastani: jumla ya mikimbio yake yote hugawanywa kwa idadi ya mara alizotolewa. Mwenye wastani wa 50 huhesabiwa miongoni mwa wakubwa. Basi mwezi wa Septemba 2024, katika mji wa Galle, Kamindu Mendis wa Sri Lanka alipiga mikimbio 182 bila ya kutolewa dhidi ya New Zealand, akatimiza 1,004 katika mechi nane tu. Zamu zake za kupiga zilikuwa 13, sawasawa na zile alizohitaji Don Bradman wa Australia kufikia 1,000, na wastani wake ulizidi 91. Wengi wakauliza: je, huyu ndiye Bradman wa pili?

Kabla ya kujibu, na turudi kwetu Tabora, kwa kuwa wazee wa Unyamwezi waliijua mizani ya mambo haya kabla kriketi haijasikika huku. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora wapagazi walitembea kwa muda wa miezi mitatu hivi, kila mmoja na mzigo wake wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Njiani palikuwa na Ugogo, walikodaiwa hongo, na baada ya Ugogo palikuwa na Mgunda Mkali, pori refu lenye uhaba wa maji na chakula. Siku ya kwanza msafara ulizoea kwenda mwendo mfupi tu, ukapiga kambi karibu na mji, ili aliyesahau kitu apate kukirudia. Siku hiyo ngoma zililia, na hata mvivu alikaza mwendo. Ni nani angeweza kumjua mpagazi hodari siku kama hiyo? Kijana wa Kinyamwezi aliyetaka kuhesabiwa mwanamume ilimpasa aende pwani na kurudi. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya wapagazi katika njia hiyo ilififia, lakini mizani yao ingali inatufaa.

Mizani hiyo ina maswali matatu. La kwanza ni hili: amekwisha kwenda umbali gani? Hesabu ikiwa chache, bahati huwa na uzito mkubwa ndani yake. Hesabu zikiwa nyingi, bahati njema na bahati mbaya hufutana, na uwezo wa mtu huonekana. Michael Hussey wa Australia alianza kucheza Test mwaka 2005, na katika miaka yake miwili ya mwanzo wastani wake ulipanda ukapita 80. Alipostaafu mwaka 2013, baada ya mechi 79, ulikuwa 51.52. Je, alishindwa? Hasha! Aliteremka kutoka kilele ambacho hapana mtu akaaye juu yake, akasimama mahali wanaposimama wakubwa. Bradman peke yake alicheza mechi 52, tangu 1928 hata 1948, akamaliza na 99.94.

Swali la pili: amepita njia gani, na amekutana na nani? Mwezi wa Agosti 2003, mjini Karachi, Yasir Hameed wa Pakistan alipiga 170 na 105 katika mechi yake ya kwanza kabisa. Kabla yake ni mtu mmoja tu katika historia ya Test aliyepata mia mbili za namna hiyo katika mechi ya kwanza, naye ni Lawrence Rowe wa West Indies, mwaka 1972. Lakini wapinzani wa Yasir siku ile walikuwa Bangladesh, ambao hawakuwa wamepata kushinda hata mechi moja ya Test. Alicheza mechi 25 kwa jumla, wala hakupata mia nyingine tena. Mikimbio ile ilikuwa ya haki, naye hakumwibia mtu. Waliokosea ni wale walioihesabu siku ya kwanza kuwa safari nzima.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: akijikwaa, huwaje? Maana kila afaulupo mtu, wapinzani hukaa wakamsoma. Hapa tunaye mfano wa nchi yetu wenyewe. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia iliyokuwa imesimama tangu 1967. Aliongoza tangu mwanzo hata mwisho, na John Walker wa New Zealand, aliyemfuata, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Mwezi wa Mei 1975 Bayi akavunja rekodi ya maili moja huko Kingston. Haikutimia miezi mitatu, Walker akaichukua. Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, haikushiriki Olimpiki ya Montreal, na mbio zilizongojewa na dunia hazikukimbiwa. Mwaka 1979 Sebastian Coe akaivunja ile rekodi ya mita 1,500. Wengi wangekata tamaa. Bayi alibadili mbio, akaenda Moscow mwaka 1980, akapata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Na muda wake wa Christchurch ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48, hata ulipovunjwa Birmingham mwaka 2022.

Sasa twaweza kumrudia Kamindu. Wastani wa 91 haukutarajiwa kudumu, wala si aibu usipodumu. Mwezi wa Novemba 2024, huko Durban, Sri Lanka nzima ilitolewa kwa mikimbio 42. Yeye, ambaye katika kila moja ya mechi zake nane za kwanza alikuwa amefikisha 50 au zaidi, alipata 13 tu. Na hiyo 13 ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko za wenzake wote. Yeyote atakaye kumpima na aanzie Durban, aiache Galle. Sisi twaona kwamba akisimama penye 50 baada ya mechi hamsini au sitini, atakuwa amefika Tabora na mzigo wake.

Haya si ya viwanjani peke yake. Katika nyumba zetu wamo watoto waliokuwa wa kwanza darasani muhula mmoja, wakaitwa madaktari kabla hawajamaliza shule; muhula uliofuata wakawa wa kumi, na wazazi wale wale wakawatazama kama wadeni. Mtoto hakupungua kitu. Sifa aliyotwikwa ndiyo iliyozidi frasila zake. Wazazi, wasifuni watoto kwa kadiri ya njia waliyokwisha kuikanyaga, na akiba ya sifa mwiwekee siku ya Mgunda Mkali, maana siku hiyo ndipo watakapoihitaji. Nanyi vijana, mkisifiwa shukuruni, kisha mwinue mizigo yenu, kwani kambi ya kwanza i karibu na mji.