Mashabiki wa Arsenal, funikeni mkono wa jezi

Mashabiki wa Arsenal hapa kwetu, tuseme ukweli. Msimu wa 2024-2025 timu yenu ilimaliza ya pili nyuma ya Liverpool, na mulililia kombe. Lakini msimu ule ule, Januari 2025, M23 iliingia Goma; mwezi uliofuata familia za Bulengo ziliamriwa kutoka kambini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rwanda inasaidia M23, Kigali inakana. Waziri wetu Kayikwamba Wagner aliiandikia klabu iache tangazo la Visit Rwanda. Ikalivaa hadi mechi ya mwisho. Hata London kuna mashabiki waliopinga. Kushangilia si kosa. Lakini ukivaa jezi ile mbele ya mama aliyekimbia vita, funika mkono wake.