Kabla Hajaondoka, Ajibu

Novemba 2018, siku Rais John Magufuli alipokwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzindua maktaba mpya, mhadhiri wa chuo hicho hicho, Dk. Vicensia Shule, aliandika Twitter kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni hapo. Baada ya hapo aliyeitwa mbele ya kamati ya maadili ya chuo alikuwa yeye. Baadaye TAKUKURU ikafanya utafiti mzima kuhusu rushwa ya ngono katika UDSM na Chuo Kikuu cha Dodoma, ishara tosha kwamba Dk. Shule hakuwa anaota ndoto za mchana. Wakubwa wa chuo walibaki ofisini, na mjadala ukahamia kwingine.

Zipo nyakati mambo huenda kinyume. Kashfa inasambaa kwenye simu asubuhi, jioni watu wanataka Makamu Mkuu wa Chuo awe ameshafungasha. Kimya cha 2018 sikitetei hata kidogo. Lakini kilio cha "ajiuzulu" nacho kinanitia mashaka, kwa sababu kwa jinsi nchi yetu inavyoendeshwa kinaweza kutupatia mtu wa kutolewa kafara huku kikitunyima maelezo.

Swali hili lina uzito wake hapa Arusha. Toka Ngaramtoni kilipo Chuo Kikuu cha Mount Meru, shuka mjini kwenye Chuo cha Ufundi, ingia Njiro kwenye Chuo cha Uhasibu, kisha shika barabara ya Moshi: Tengeru utaikuta Taasisi ya Nelson Mandela na ile ya Maendeleo ya Jamii, Usa River utavikuta Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha. Sina tuhuma dhidi ya chuo chochote kati ya hivi. Ninachosema ni kwamba maisha ya mwanafunzi hapa hayana tofauti na ya mwenzake wa Dar es Salaam au Dodoma. Binti ametoka Kondoa au Bariadi, amepanga chumba nje ya chuo, bumu limechelewa, ana sapu mbili, na anayetunga mtihani ndiye anayesahihisha, ndiye msimamizi wa utafiti wake, na mkuu wa idara ni swahiba wake. Akidisko, kijijini watasema alikwenda mjini kuchezea pesa za watu. Kwa anayesoma shahada ya uzamili au uzamivu mamlaka ya mtu mmoja huwa makubwa zaidi: msimamizi akikataa kusoma sura ya tatu ya tasnifu, hakuna mtihani wa marudio wa kumwokoa.

Mhadhiri anayedai ngono sheria inamwona. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayeyatumia kujipatia ngono, na adhabu iliyowekwa mwaka huo ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. (Milioni tano! Kuna watu wataipata kwa kuuza gari kuukuu.) Ila aliyepokea malalamiko akayafungia kwenye droo, kifungu hicho hakimgusi. Hakimgusi mkuu wa idara aliyemwambia binti "mambo haya yamalizeni wenyewe", wala mkuu wa kitivo aliyemhamishia mhadhiri kwenye kozi nyingine kimyakimya. Madai ya kujiuzulu yanazaliwa hapo. Umma unajaribu kwa kelele kumfikia mtu ambaye kifungu hakimfikii.

Je, mkubwa abebe dhambi ya mdogo wake? Mji huu umelisikia swali hilo likijadiliwa kwa miaka 20. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofanya kazi zake katika jengo la AICC hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, ilikuwa na ibara ya 6(3) katika sheria yake: mkubwa anawajibika kwa kosa la aliye chini yake iwapo alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, na hakuchukua hatua zinazofaa kuzuia au kuadhibu. Mmoja wa walionaswa na ibara hiyo alikuwa mtu wa chuo kikuu, Ferdinand Nahimana, mwanahistoria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda na kushiriki kuanzisha redio ya RTLM. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha. Novemba 2007 majaji wa rufaa walifuta sehemu kubwa ya hukumu hiyo, wakabakisha jambo moja: kwamba akiwa mkubwa wa redio ile aliwaacha watangazaji wake waendelee kuchochea baada ya Aprili 6, 1994, ilhali alikuwa na uwezo wa kuwazuia. Kwa hilo pekee akapewa miaka 30.

Lakini mahakama hiyo hiyo, Juni 2001, ilimwachia huru Ignace Bagilishema, aliyekuwa meya wa Mabanza, eneo ambalo watu wengi waliuawa. Umeya peke yake haukutosha kumtia hatiani.

Sifananishi rushwa ya ngono na mauaji ya kimbari, na anayefanya hivyo anawakosea wafu na walio hai. Ninaazima mpangilio wa maswali tu. Alikuwa na mamlaka? Alijua, au dalili zilikuwepo akageuza uso? Alifanya nini? Mizani ya kuacha kazi haihitaji kuwa nzito kama ya kupeleka mtu jela, kwa hiyo Makamu Mkuu anaweza kutostahili kushtakiwa na bado akastahili kuondoka. Maswali lakini ni yale yale, na yote yanahitaji tarehe na majina ya waliopokea barua.

Katika siasa zetu mfano unaotajwa kila mara ni wa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Januari 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu baada ya watu waliokamatwa katika operesheni za Mwanza na Shinyanga kuteswa na baadhi yao kufa mikononi mwa vyombo vya dola. Hakumgusa mtu yeyote kwa mkono wake. Alipelekwa ubalozini Misri, na miaka minane baadaye akawa Rais. Tunaisimulia habari hii kama hadithi ya mtu muungwana, na ni kweli, ila tunasahau kwamba hakuondoka peke yake. Waziri mwenzake Peter Siyovelwa naye aliondoka, na wakuu wa mikoa hiyo miwili pia. Ngazi nzima iliguswa, kuanzia mkoani hadi wizarani. Hilo ndilo linalokosekana tunapomlilia mtu mmoja wa juu: kati ya Makamu Mkuu na binti wa mwaka wa pili kuna ngazi nne au tano, na kwa kawaida malalamiko hufia katikati.

Desemba 2013 ilikuwa karibu hivyo. Baada ya kamati ya Bunge kueleza mateso, ubakaji na vifo katika Operesheni Tokomeza ya kupambana na majangili, Khamis Kagasheki alijiuzulu na mawaziri wengine watatu, Emmanuel Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha na Mathayo David, wakaondolewa. Nchimbi alikuja kuwa Katibu Mkuu wa CCM mwaka 2024 na Makamu wa Rais mwaka 2025. Msomaji anaweza kulitazama hilo kwa namna mbili. Mimi naliona hivi: nchini kwetu kuachia ngazi si kifo, na kwa hiyo anayeng'ang'ania kiti kwa hoja kwamba "mtaniharibia maisha" anatia chumvi.

Upande wa pili wa mizani kuna mtu wa nyumbani, Edward Lowassa wa Monduli. Alipojiuzulu uwaziri mkuu Februari 7, 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, alilalamika kwamba kamati teule ilimtaja bila kumhoji. Wengi walimcheka. Yanayosemwa kumhusu katika mambo mengine tuyaweke kando. Hoja ile ilikuwa na mashiko, na inawahusu wakuu wa vyuo moja kwa moja. Chuoni kuna fitina. Kuna anayetaka kiti cha Makamu Mkuu, kuna aliyenyimwa uprofesa, kuna mfanyakazi aliyezuiwa tenda. Kashfa ya kweli ikitokea, hao wote huvaa joho la kutetea wanafunzi.

Wamarekani wamepita njia hii kabla yetu. Chuo kikuu cha Penn State kilimwondoa rais wake, Graham Spanier, Novemba 2011, baada ya kubainika kwamba Jerry Sandusky, aliyekuwa kocha msaidizi wa mpira wao, alikuwa akinajisi watoto. Uchunguzi ulifukua barua pepe za miaka kumi nyuma zilizoonyesha viongozi wakijadiliana kuhusu taarifa waliyopewa na kuamua kutoipeleka kwenye mamlaka za nje. Kesi ya Spanier ilichukua miaka, lakini ushahidi ulikuwa na tarehe, na mwisho akaonja jela. Michigan State ni hadithi nyingine. Rais wa chuo hicho, Lou Anna Simon, alijiuzulu Januari 24, 2018, siku ile ile daktari wa chuo, Larry Nassar, alipohukumiwa baada ya wanawake na wasichana zaidi ya 150 kusimulia mahakamani aliyowafanyia. Umma ulipumua. Mtu aliyeshika nafasi kwa muda, John Engler, gavana wa zamani, hakumaliza hata mwaka. Naye alilazimika kuondoka Januari 2019 baada ya kusema kwamba baadhi ya waathirika wanafurahia kumulikwa na vyombo vya habari. Kiti kilibadilishiwa mtu, na dharau iliyowafanya wasichana wasisikilizwe kwa miaka mingi ikaendelea kukikalia.

Nikirudi kwetu, tatizo letu kubwa ni kwamba mlio wa kujiuzulu hauna pa kutua. Mkuu wa Chuo kwenye chuo kikuu ni mtu wa heshima anayekuja kutunuku shahada. UDSM ni Rais mstaafu Kikwete. Mtendaji ni Makamu Mkuu, na kwenye vyuo vya umma habari ya uteuzi wake mara nyingi tunaisoma kwenye taarifa ya Ikulu. Aliyeteuliwa hivyo hamwogopi mwanafunzi wala Baraza la Chuo, anamwogopa aliyemteua. Shinikizo likizidi, inatoka taarifa ya mistari miwili: uteuzi wake umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine. Sababu haitajwi. Mitandaoni watu wanashangilia "katumbuliwa!", na binti aliyelalamika hajui hadi leo barua yake ilifika kwa nani. Mimi ningependa Makamu Mkuu abaki wiki sita za ziada, huku mhadhiri mtuhumiwa akiwa amesimamishwa na uchunguzi uko mikononi mwa watu wa nje, ili ajibu mbele ya Baraza, kwa maandishi yatakayochapishwa. Akishajibu, aende.

Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Siku hizi vyuo vimeanzisha madawati ya jinsia. Ukiuliza dawati limepokea mashauri mangapi ukaambiwa hakuna hata moja, usifurahi. Katika chuo chenye maelfu ya wanafunzi, sifuri maana yake ni kwamba hakuna anayeliamini dawati, au halijulikani lilipo. Makamu Mkuu anayefanya kazi yake vizuri ataona mashauri yakiongezeka miaka ya mwanzo. Tukiwa na desturi ya kudai kichwa kila taarifa inapotoka, tunamfundisha aliyebaki kwamba usalama wake uko kwenye sifuri. Makerere walikuwa na sera dhidi ya udhalilishaji wa kingono tangu 2006. Mwaka 2018, picha ya mfanyakazi wa utawala akimdhalilisha mwanafunzi ofisini iliposambaa, ndipo Makamu Mkuu Barnabas Nawangwe akaunda kamati chini ya Profesa Sylvia Tamale, mwanasheria asiye na sifa ya kunyamaza. Nadhani Nawangwe alistahili kubaki. Alikuwa na muda mfupi kitini na alimkabidhi uchunguzi mtu mgumu. Ambao sera ilikaa kabatini katika zamu zao walikuwa wameshaondoka, bila kuulizwa lolote. Kujiuzulu humkuta aliye kitini siku bomu linapolipuka, si lazima aliyelitega.

Kwa vyuo vya makanisa, na ukanda huu wa Meru unavyo kadhaa, vya Walutheri, Waadventista na Wabaptisti, hesabu inabadilika tena. Huko hakuna Ikulu ya kutengua. Kuna mmiliki, na mmiliki ni kanisa ambalo mlalamikaji anasali, wazazi wake wanatoa sadaka, na pengine mtuhumiwa ni mzee wa kanisa. Nguvu ya umma huko ni ndogo kuliko kwenye chuo cha serikali, kwa kuwa mwenye mali anaweza kusema ni mambo ya nyumbani kwake. Kwa huko namtazama zaidi msimamizi wa nje, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. TCU hukagua maktaba, idadi ya maprofesa na ukubwa wa madarasa. Ingeweza pia kuomba rejesta ya malalamiko na kusoma safu mbili tu: tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kujibiwa.

Hilo la tarehe halisubiri, kwa sababu ya hesabu ambayo kila mhadhiri mbaya anaijua. Binti yuko chuoni miaka mitatu. Makamu Mkuu kwa kawaida ana kipindi cha miaka mitano. Mhadhiri yupo hadi astaafu. Shauri likicheleweshwa mihula minne, mlalamikaji ameshavaa joho na kurudi kwao Bariadi, shahidi wake yuko kazini Mtwara, na kamati inaandika kwamba wahusika hawakupatikana.