Paka Mkali, au Paka Mwenye Maumivu?

Paka mwenye manyoya marefu hupata taabu huku Muhumba, kando ya ziwa Kivu. Wakati wa mvua hurudi nyumbani na matope. Manyoya husokotana, yakawa mafundo kwapani, tumboni na nyuma ya masikio. Ukimgusa, anakuparura. Ndipo watu husema: «Paka huyu ni mkali. Apigwe!»

Mimi sikubali. Fundo huvuta ngozi kila anapotembea. Je, wewe ukivutwa nywele mchana kutwa, utacheka? Paka hana maneno. Makucha ndiyo maneno yake. Akijificha uvunguni, au akijilamba mpaka ngozi ibaki wazi, anasema: «Naumwa,» au «Naogopa.» Fimbo humwongezea hofu tu.

Basi, tufanye nini? Tusimwoshe kwanza, maana maji hukaza mafundo. Tusikate kwa mkasi, maana ngozi yake ni nyembamba. Shika manyoya kati ya fundo na ngozi, ili asiumie. Fungua fundo kwa vidole, polepole, ukianzia nchani. Kisha pitisha kitana. Dakika 5 kila siku zatosha. Akikasirika, mwache, utaendelea kesho. Mpe sanduku lenye kitambaa, mahali penye kimya. Fundo gumu lililoshika ngozi ni kazi ya daktari wa wanyama.

Kumpiga ni kazi ya mara moja. Kumchana ni kazi ya kila siku. Lakini anayefuga mnyama amekubali kazi hiyo.