Mashauri ya Nyumbani: Hesabu Wageni Kabla ya Kuchinja

Mwezi wa Desemba ni mwezi wa furaha katika nchi ya Wagusii. Shule zimefungwa, wavulana waliotahiriwa wanatolewa nje kwa shangwe, harusi hufuatana Jumapili kwa Jumapili, na jamaa wanaofanya kazi Nairobi, Kericho na Mombasa hurudi kuwaona wazazi. Kila nyumba yenye jambo hupika, na kila jirani hutazamiwa kufika. Desturi hiyo ni njema, wala hapana mtu mwenye akili awezaye kuishutumu, kwa maana nyumba isiyokaribisha watu haina wa kuilinda siku ya msiba.

Lakini baada ya Desemba huja Januari, na Januari huja na barua ya mwalimu mkuu. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja, wakulima wengi wa chai hupata malipo yao makubwa ya mwaka, yaani bonasi, karibu na mwezi wa Oktoba. Fedha hizo ndizo zinazotazamiwa kulipa karo, kununua mbolea na kutengeneza paa. Zikipita katika sufuria za Desemba, mwenye nyumba hana budi kwenda kuomba mkopo, na chai ambayo bado haijachumwa huwa imekwisha kuliwa. Mtoto hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo, ilhali harufu ya pilau bado haijatoka katika nguo zake.

Wengi wanaoanguka katika shida hiyo si wabadhirifu. Ni watu wa kazi, lakini walinunua kabla ya kuhesabu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi yafaa kila mwenye jambo aanze na daftari la senti chache na kalamu, miezi miwili kabla ya siku yenyewe, akiwa pamoja na mke wake, kwa kuwa mke ndiye ajuaye kipimo cha sufuria.

KWANZA IDADI YA WATU

Watu wengi huanza kwa kuuliza, “Tutachinja nini?” Swali la kwanza lingekuwa, “Watakula wangapi?” Majina yaandikwe kwa mafungu: jamaa wa ukoo, wakwe, majirani, watu wa kanisa, na rafiki wa kazini. Kisha iongezwe sehemu ya tano, kwa sababu katika nchi hii mgeni aliyealikwa huja na mwenziwe, na mpita njia hafukuzwi. Aliyealika watu 100 apike chakula cha watu 120.

Hesabu hiyo ikiwa tayari, ndipo mtu aangalie habari ya nyama. Fahali mwenye uzito wa kilo 200 akiwa hai hutoa nyama pamoja na mifupa yapata kilo 100. Mgeni mmoja anayekula pia ugali, wali, maharagwe na mboga hutosheka kwa gramu 150 za nyama yenye mifupa, ikipimwa kabla ya kupikwa. Wageni 120 basi wanahitaji kilo 18 tu. Aliyemchinjia fahali idadi hiyo ya watu amebaki na kilo 82 ambazo hana pa kuziweka, na siku ya pili zitaanza kunuka au kugawanywa kwa watu ambao hawakuja hata kumpongeza. Mbuzi mmoja mwenye uzito wa kilo 30 hutoa nyama yapata kilo 14. Akiongezewa kuku watatu wa nyumbani, kazi imekwisha. Fahali abaki zizini. Mwezi wa Januari akiuzwa, atamlipia mtoto karo.

KIPIMO CHA CHAKULA

Kwa chakula kingine, vipimo hivi vimewafaa wapishi wengi. Kilo moja ya mchele ikiliwa peke yake hutosha watu 8, na kilo moja ya unga wa mahindi hutoa ugali wa watu 5. Mgeni akipewa nusu ya wali na nusu ya ugali katika sahani moja, watu 120 watahitaji mchele kilo 7 na nusu, na unga kilo 12. Maharagwe makavu kilo 8 yatatosha kuwa kitoweo cha pili, na ni vema yalowekwe usiku mzima ili kuni zisiteketee bure. Kabeji au sukuma wiki ziwe kilo 15.

Wapishi wasiyasahau mazao ya nyumbani. Chinsaga na rinagu zikipikwa polepole kwa maziwa, hakuna mkwe atakayeuliza habari ya saladi ya mjini. Ila ikumbukwe kwamba majani hayo hupungua sana yakiingia motoni, na bei yake sokoni hupanda wakati wa kiangazi. Afadhali mwenye jambo apande kitalu chake mapema. Ugali wa wimbi, ukiletwa katika ekee, yaani kile kikapu kidogo kilichosukwa na wazee, huwapendeza watu wazima kuliko mkate wa dukani. Na baada ya chakula, ndizi mbivu moja kwa kila mtu ni kitamu cha kutosha katika nchi ambayo migomba imezunguka kila nyumba. Kununua kreti za soda kwa watu wote ni njia ya haraka ya kumaliza fedha bila kumshibisha mtu.

Chai nayo ina hesabu yake. Vikombe 120 vya robo lita ni lita 30. Maziwa yawe lita 12 na maji lita 18, na kidogo zaidi kwa ajili ya mvuke. Majani ya chai robo kilo yatatosha, na sukari kilo moja na robo ikiwa kila kikombe kitatiwa vijiko viwili vidogo. Bakuli la sukari likiwekwa mezani bila mtu wa kuligawa, kipimo hiki kitavunjika kabla wazee hawajaketi.

SIKU YA SABATO NA VINYWAJI

Misheni ya Wakatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa zilianza kazi kabla ya vita vya 1914, na hata leo ukoo mmoja huwa na watu wa makanisa yote mawili. Mwenye karamu asiyeyafikiri hayo atapoteza chakula. Waadventista wengi hawanywi chai ya majani wala kahawa, hawali nyama ya nguruwe wala samaki asiye na magamba, wala hawagusi pombe. Wawekewe uji wa wimbi au maziwa ya moto. Kilo moja ya unga wa wimbi hutoa uji yapata lita 10, yaani vikombe 40, na kinywaji hicho ni rahisi kuliko soda.

Tena, Sabato yao huanza Ijumaa jua likitua, na huisha Jumamosi jua likitua. Harusi yao ikiwa Jumapili, kuni zipasuliwe, unga usagwe na maharagwe yachaguliwe kabla ya Ijumaa jioni. Kuchinja na kuchuma mboga kungojee mpaka Sabato imekwisha. Asiyepanga hivyo hujikuta Jumamosi usiku akitafuta boda boda ya kwenda Keroka au Kisii mjini kununua vitu kwa bei yoyote atakayotajiwa, kwa sababu hana nafasi ya kubishana.

KAZI YA MAJIRANI

Mwaka wa 1951 kilichapishwa huko London kitabu cha Philip Mayer, mtaalamu aliyekuwa amechunguza maisha ya Wagusii. Kitabu hicho kilikuwa na sehemu mbili: moja yahusu ushirikiano wa majirani katika kazi za shamba, na ya pili yahusu jitihada za kupunguza mahari. Msomaji wa leo anaweza kushangaa kuona mambo hayo mawili katika jalada moja, lakini ndiyo yanayokutana katika kila harusi hata sasa: upande mmoja nguvu za wengi, na upande wa pili mzigo wa gharama ulio juu ya mmoja.

Ushirikiano huo ndio risaga. Mtu alipokuwa na shamba kubwa la kupalilia aliwaita majirani. Walikuja na majembe yao, naye akawatayarishia pombe ya wimbi. Fedha haikupita mkononi mwa mtu. Kazi ilirudishwa kwa kazi, na aliyekosa kufika kwa mwenzake alijua kwamba siku yake watu wangekuwa wachache.

Roho ya risaga ndiyo inayoweza kupunguza gharama za karamu kuliko jambo lingine lolote. Badala ya kamati ya harusi kukaa jioni tano ikiahidi fedha ambazo nusu yake hazitatolewa, na iandike orodha ya vitu. Nani ataleta debe la mahindi? Nani ataleta mikungu miwili ya ndizi, na nani maziwa lita 5 asubuhi ya siku ile? Nani atakuja na sufuria kubwa, na nani na kuni kavu? Mwanamke asiye na shilingi 500 anaweza kuleta gorogoro la maharagwe bila kuona haya. Vyama vingi vya akina mama vina masufuria, sahani, viti na hema, na mwanachama huvipata kwa malipo madogo kuliko anayekodi mjini. Kila kitu kilicholetwa kiandikwe katika daftari pamoja na jina la aliyekileta. Daftari hilo litunzwe hata baada ya sherehe, kwa kuwa ndilo litakalomkumbusha mwenye nyumba ni nani wa kusaidiwa mwakani.

AFYA YA WAGENI

Uangalifu wa fedha usiwe sababu ya kuhatarisha watu. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, hata akiwa amenona namna gani, kwa maana kimeta huua. Mahindi yenye ukungu yasisagwe ati kwa sababu ni ya bei rahisi. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika sehemu za mashariki ya Kenya kwa sumu iliyotokana na ukungu wa mahindi. Maji ya kunywa yachemshwe, na kuwe na maji na sabuni mahali pa kunawia mikono. Nyama na wali vilivyopikwa visikae vimepoa zaidi ya muda wa saa mbili. Afadhali mapishi ya mwisho yaanze wakati ibada inaendelea kuliko kupika usiku kucha na kugawa adhuhuri.

HESHIMA ISIYO NA BEI

Wazee wengine husema kwamba karamu ndogo ni aibu mbele ya wakwe. Jambo hilo lastahili kujibiwa kwa adabu. Heshima ya Mgusii haikupimwa kwa mizani ya mchinjaji. Inakaa katika chinsoni, zile kanuni za staha kati ya wazazi na watoto na kati ya wakwe. Wakwe wakipokewa mlangoni, wakatengewa mahali pao pa kukaa kama desturi itakavyo, wakapewa chakula cha moto kwa wakati, watarudi kwao wakisifu. Wakiachwa juani mpaka alasiri, hata fahali watatu hawatawaridhisha. Mambo hayo yote hayagharimu senti moja, ila yanahitaji mtu mmoja aliyechaguliwa kuyasimamia.

Hata sheria haidai makuu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka wa 2014 inaitambua ndoa ya kimila, na pale ambapo mahari yatakiwa kuithibitisha, sehemu ndogo tu iliyotolewa kama ishara yatosha. Bwana arusi na bibi arusi wakiisha kukubaliana, wazee wakaridhika, na ndoa ikaandikishwa, hakuna hakimu atakayeuliza wageni walikula vipande vingapi.

Jambo moja zaidi lakumbukwe. Wanawake waliokesha jikoni, macho yakiwa mekundu kwa moshi, mara nyingi ndio wanaokuta sufuria tupu. Sahani zao ziwekwe kando kabla mgeni wa kwanza hajagawiwa, nazo zihesabiwe katika wale 120. Nyumba inayowakumbuka wapishi wake haitakosa wapishi mara ya pili.

Basi mwenye jambo mwezi wa Desemba na achukue daftari lake jioni hii. Katika ukurasa wa kwanza aandike karo ya Januari na fedha iliyotengwa kwa ajili yake, kisha ukurasa huo asiuguse tena. Orodha ya wageni na ianze ukurasa wa pili.