Tusimsemee Shaaban Robert

Umezuka mtindo miongoni mwetu walimu wa Kiswahili ambao hatuwezi kuunyamazia tena. Mtu akikichukia kitabu, hasemi kwamba yeye amekichukia. Husema, "Marehemu Shaaban Robert angalikuwa hai, kitabu hiki angalikitupa." Basi, mjadala umekwisha. Nani atathubutu kubishana na Shaaban Robert? Na nani atakwenda Tanga kumwuliza? Alifariki mwaka 1962, wala hakumwachia yeyote kati yetu uwakala wa kusema kwa niaba yake.

Vitabu vinavyoshtakiwa kwa njia hii ni riwaya za ajabu zilizokuja baada yake: Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, na nyinginezo za jamii hiyo. Yasemwa kwamba zimejaa mambo yasiyowezekana, kwamba zimeiga ya wageni, na kwamba zawachanganya wanafunzi. Hapa Mbarara twayasikia maneno hayo katika vikao vyetu, na katika shule moja, ambayo hatutaitaja, vitabu viwili vya aina hii vimeondolewa rafuni kwa jina la marehemu.

Mambo yasiyowezekana! Ni nani basi aliyetupatia nchi inayoelea angani, yenye mfalme, mawaziri na mahakama, akaiita Kusadikika? Ni nani aliyeandika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, ambamo liwali wa Janibu huwachapa manyani wawili kila usiku huku akilia, kwa kuwa manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini? Humo mna Huria, binti wa majini, na mna mji ambao watu wake wamekuwa mawe. Mtu aliyeandika hayo hawezi kuitwa mahakamani kuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Akiitwa, tunachelea atakaa upande wa washtakiwa.

Shtaka la ugeni ni dhaifu zaidi. Kisa cha Adili kina nasaba yake katika Alfu Lela Ulela, katika habari za Abdullah bin Fadhil na nduguze waliogeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, akawapa majina ya tabia, na kisa kikawa cha Kiswahili. Alfu Lela Ulela na Safari za Gulliver zilikuwa zimekwisha chapishwa kwa lugha yetu kabla hajaandika Kusadikika. Yeye mwenyewe alimfasiri Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, tena kwa kupitia Kiingereza. Hakuona haya kuchukua moto jikoni kwa jirani. Lililomshughulisha ni chakula atakachopika.

Hilo la kuwachanganya wanafunzi lina uzito, nasi hatutalipuuza. Shaaban Robert humshika msomaji mkono: Majivuno ni majivuno, Hasidi ni hasidi, na hata anayejifunza lugha aweza kufuata njia. Kezilahabi katika Nagona hampi mtu ufunguo wowote. Hatungempa kitabu hicho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari, na mwenzetu atakayempa tutamwuliza sababu. Lakini hayo ni maneno ya kupanga masomo, kipi kitangulie na kipi kifuate. Kitabu kigumu hakigeuki kuwa kitabu kiovu kwa ugumu wake. Tena si vyote vigumu. Walenisi hujifungua chenyewe mtu akilitamka jina lake polepole: wale ni sisi. Mshtakiwa Dzombo huhukumiwa kifo, akatiwa katika chombo cha kumpeleka kufa, chombo kikamfikisha katika nchi nyingine. Na Kusadikika huanza vipi? Huanza kwa mshtakiwa pia, Karama, anayesimama mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Shaaban Robert aliandika akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mkangi alipata kuwekwa kizuizini nchini Kenya mwaka 1986. Kila mmoja aliona kwamba jambo alilonalo halisemeki chini, akalipandisha juu. Asiyeuona undugu huo asome tena vitabu vyote viwili, na safari hii asome kwa kalamu mkononi.

Ugonjwa huu wa kuwasemea marehemu si wetu peke yetu. Huko Marekani alikuwako kijana wa Texas, Robert E. Howard, aliyezaliwa 1906, miaka mitatu kabla ya Shaaban Robert. Aliziuza hadithi zake za mashujaa, wachawi na falme zilizopotea kwa magazeti ya bei nafuu. Mhusika wake Conan alitokea kwanza mwaka 1932 katika gazeti liitwalo Weird Tales. Alikufa 1936, akiwa na umri wa miaka 30. Baadaye L. Sprague de Camp na Lin Carter wakazimalizia baadhi ya hadithi alizoziacha nusu, wakatunga na nyingine mpya za Conan. Hadi leo wasomaji wake hubishana: Howard angalisemaje juu ya nyongeza hizo? Angaliyaonaje majuzuu mazito ya Tolkien, yaliyotoka 1954 na 1955? Na kila mbishi, kwa sadfa ya ajabu, hukuta kwamba marehemu angalipenda kilekile apendacho yeye.

Kosa la hoja hizi zote ni moja. Humfufua mtu wa mwaka 1962 na kumtia mkononi kitabu cha mwaka 2001, bila kumpa miaka thelathini na tisa iliyo katikati. Shaaban Robert huyo hakuiona Jamhuri ya Muungano, hakulisikia Azimio la Arusha la 1967, hakuishi kuona matumaini ya uhuru yakichakaa. Atakielewaje Babu Alipofufuka? Na tukitaja kitabu hicho, kina babu aliyerudi kutoka kwa wafu kweli. Babu yule hakuja kukagua maktaba. Alimjia K, mkubwa aliyeshiba, akamtembeza aone nchi ilivyoharibika.

Kwetu sisi jambo hili si la mapambo. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Rafu zetu, kila mwalimu azijua. Wazazi wengi wa hapa Ankole bado hukumbuka Kiswahili kama lugha ya mwenye bunduki, na tangazo la Idi Amin la 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukisafishia jina. Lakini mtoto wao amekwisha kusikia nyumbani habari za Wachwezi waliotoweka. Mpe hadithi ya ajabu kwa Kiswahili, ataingia kwa mlango anaoujua.

Nako Nakivale, wilayani Isingiro, mahali palipopokea wakimbizi wa Rwanda tangu miaka ya mwanzo ya 1960, leo darasa moja huweza kuwa na mtoto wa Kivu, wa Burundi na wa Somalia. Huyu wa Kivu huja na Kiswahili chake, nasi kwa haraka zetu humwambia kimeharibika. Tulipokuwa tukisoma habari za wajumbe sita wa Kusadikika, waliotumwa pande zote, wakateseka, na waliporudi wakatiwa gerezani, mmoja wa watoto hao aliuliza kama wajumbe wale walipewa karatasi za njiani. Darasa halikucheka. Kwao nchi ya angani yenye mipaka na walinzi haikuwa jambo lisilowezekana hata kidogo. Mtoto huyo akiwa tayari kwa Walenisi, tutamwambia nini? Kwamba kimekatazwa na mtu aliyekufa miaka mingi kabla hakijaandikwa?

Twaomba vile vitabu viwili virudishwe rafuni. Mwalimu asiyevipenda ana haki yake. Na aandike katika kurasa hizi hizi, aonyeshe ni sura ipi iliyomuudhi na kwa nini, kisha atie sahihi yake mwenyewe.